Je, kuna haja ya kumwona daktari wa meno ilhali meno hayaumi?

Swali

Habari zenu nyote. Mimi ni mtu mzima ambaye sijawahi kuumwa jino. Napiga mswaki asubuhi na usiku, na nikijitazama kwenye kioo sioni jino lolote lililotoboka. Bima yangu inalipia uchunguzi wa meno kila baada ya miezi 6, lakini sijautumia hata mara moja, kwa kuwa sioni sababu ya kwenda kupanga foleni bila ugonjwa. Naomba wenye ujuzi mnieleze: mtu asiye na maumivu anafaidika nini hasa kwa kuchunguzwa, na hiyo miezi 6 ni sharti la kitabibu au ni mazoea tu? Niongeze kwamba fizi zangu hutoa damu kidogo ninapopiga mswaki, ingawa nadhani chanzo ni mswaki mgumu.

Jibu la 1

Ndugu muulizaji, mimi ni tabibu wa kinywa na meno, na nitaanza na hayo maumivu unayoyatumia kama kipimo. Tabaka la nje la jino, yaani enameli, halina mishipa ya fahamu. Bakteria walio kwenye utando unaoganda juu ya meno hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo inapozidi, enameli huanza kupoteza madini yake. Mate hurudisha sehemu ya madini hayo, hasa pakiwa na floridi, lakini mtu anayekula au kunywa vitu vitamu mara kwa mara hayapi mate nafasi ya kufanya kazi hiyo. Dalili ya kwanza huwa doa jeupe lisilong'aa, ambalo mgonjwa halihisi wala halioni, na katika hatua hiyo uozo unaweza kuzuiwa bila kuchimba jino. Maumivu makali ya kudumu huja uozo unapokaribia au kufika kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo mara nyingi hubaki kutibu mzizi au kung'oa. Kioo chako, kwa bahati mbaya, hakionyeshi uozo ulio kati ya jino na jino. Huo mara nyingi huonekana kwa picha ya eksirei.

Kuhusu damu, usiulaumu mswaki upesi hivyo. Fizi zenye afya kwa kawaida hazitoi damu, na sababu kubwa ya kutoa damu ni uvimbe unaoletwa na utando uliokaa kwenye ukingo wa fizi. Utando usiposafishwa hugeuka kuwa ugaga, ambao ni mgumu na hautoki kwa mswaki, bali hukwanguliwa kwa vifaa vya kliniki. Uvimbe wa fizi peke yake hupona kabisa. Ugonjwa ukishuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia meno, tunaweza kuuzuia usiendelee, lakini mfupa uliokwisha kulika kwa kawaida haurudi wenyewe. Wavutaji wa sigara wawe waangalifu zaidi, kwa sababu sigara hupunguza kutoka kwa damu na hivyo kuficha ugonjwa.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu miezi 6, maana wengi huichukulia kama amri. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2004, unapendekeza muda upangwe kulingana na hatari ya kila mtu: kwa watu wazima kati ya miezi 3 na miezi 24, na kwa walio chini ya miaka 18 usizidi miezi 12. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu wa busara, ila muda huo hupangwa na daktari aliyekuchunguza, si na mgonjwa mwenyewe kwa kuwa hasikii maumivu.

Jibu la 3

Walio na watoto wasisahau gego la kwanza la kudumu. Huota mtoto anapofikia takriban miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo litang'oka. Mifereji yake huweza kuzibwa kwa utomvu maalumu kabla uozo haujaanza.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nitaweka miadi. Je, kuna jambo la kurekebisha nyumbani wakati nikisubiri? Pia nina kisukari, sijui kama kinahusika.

Jibu la 1

Kinahusika sana, na umwambie daktari mapema. Sukari ya damu isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kwa hiyo huenda ukahitaji kuonwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Nyumbani, tumia mswaki laini kwa dakika 2, bila kukwepa sehemu zinazotoa damu, na dawa ya meno yenye floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Safisha pia katikati ya meno kwa uzi. Ukimaliza kupiga mswaki, tema povu bila kusukutua kwa maji, ili floridi ibaki kwenye meno.