Matakia ya roshani yanang'olewa na upepo: yafungwe vipi?

MkaaGhorofani
Habari wadau. Roshani ipo ghorofa ya sita, kona ya jengo. Kuna viti viwili na benchi, vyote vya mbao zenye nafasi katikati. Matakia ni ya sponji, sentimita 50 kwa 50, unene 6, kila moja lina tepe mbili kwa nyuma. Upepo ukichachamaa takia linasimama wima, linapigapiga, mwisho mshono unaachia. Mpira wa kuzuia utelezi chini yake haujasaidia kitu. Nifanyeje bila kutoboa mbao?

FundiSindano
Tepe hazina kosa, kosa ni mahali zilipo. Zikiwa nyuma tu zinageuka bawaba: upepo unaingilia ukingo wa mbele au kupitia nafasi za mbao, takia linafunuka kama mfuniko. Likishasimama, upepo wa kilomita 54 kwa saa unalisukuma kwa nguvu ya kilo 3 hadi 4, na lenyewe pengine halifiki kilo moja. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Mpira wa chini unazuia kuteleza tu. Takia likinyanyuka hauna kazi.

Ongeza tepe mbili mbele. Chukua mkanda wa poliesta kama ule wa begi, upana sentimita 2.5. Kata sentimita 60, kunja katikati upate mikia miwili ya 30, unguza ncha kidogo zisichambuke. Toa sponji. Kwa upande wa chini wa foronya, karibu kabisa na ukingo wa mbele na sentimita 5 kutoka kila kona, lalisha ule mkunjo, weka kiraka cha turubai au jinzi kwa ndani, 5 kwa 5, kisha shona mraba wenye msalaba katikati. Mzigo sasa unabebwa na kiraka kizima. Mshono wako unaachia kwa sababu tepe imeshikwa na mstari mmoja wa uzi. Na huo uzi uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa unyevu.

Kufunga: zungusha mkia mara mbili kwenye ubao ulio karibu zaidi, vuta, ndipo ufunge. Tepe ikilegea hata vidole viwili, takia linapata nafasi ya kupigapiga, na hiyo ndiyo inayofumua.

Kamba_na_Velkro
Fundi kamaliza, ila kufungua mafundo manne kila mvua ikitishia ni kero. Mwisho wa mikia shona velkro (ule mkanda wa kunata wenye upande wa miba na upande wa manyoya), ipite chini ya ubao na kulaliana sentimita 6 au 7. Usibandike vipande kati ya takia na mbao kama wengi wanavyofanya! Velkro ni ngumu kuvutwa kwa ubavu, lakini ukiibandua kuanzia ukingoni inaachia kirahisi, na upepo unabandua hivyo hivyo. Ile yenye gundi iache kabisa, inalainika juani. Upande wa miba ukijaa vumbi na nywele haushiki tena; usugue kwa mswaki mkavu.

Bawabu
Nyongeza mbili. Takia likishikana na kiti, kiti chepesi nacho kinaweza kuondoka, hasa chenye takia la mgongo. Funga mguu wa nyuma kwenye nguzo ya chini ya kizuizi cha roshani, vile vyuma vya ukingoni. Pili, ole wake atakayetia mawe ndani ya foronya ili iwe nzito: kutoka ghorofa ya sita hicho ni kitu cha kuua mtu. Turubai kwenye kizuizi pia hapana, linageuka tanga na kuvuta vyuma. Wavu unaopitisha karibu nusu ya upepo ni bora, tena kwa ruhusa ya wenye jengo. Mito midogo isiyofungika iingie ndani, na ukitangazwa upepo mkali ingiza vyote, hata vilivyofungwa.

MkaaGhorofani
Shukrani wakuu. La benchi ni moja refu, sentimita 120. Tepe ngapi?

FundiSindano
Mbele nne, kila sentimita 40 hivi, maana takia refu hufura katikati. Nyuma tatu zinatosha.