Jalada langu limeitwa kazi ya mashine, na daftari langu hakuna aliyelifungua

Wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nasomea uandishi wa kitaalamu hapa Mombasa, mwaka wa mwisho. Chuo sikitaji. Kwetu hakuna kumaliza bila jalada: unakusanya kazi zako zote, za kiufundi na za kitaaluma, unazipanga, unazifunga, jopo linazisoma. Langu lina kurasa 92. Jumatatu nimeitwa ofisini nikaambiwa asilimia 81 ya jalada imeandikwa na akili unde (AI), kwa hivyo halitasomwa, na jina langu litatolewa kwenye orodha ya mahafali.

Aliyesema hayo si mtu aliyelisoma. Ni programu.

Nilikuwa nimebeba daftari langu la rasimu. Nikamwambia, "Mwalimu, nakuomba ulifungue hili tu, ukurasa wowote." Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma zaidi: "Mwanangu, mimi siwezi kubishana na kompyuta."

Sasa nawaeleza kilichomo humo daftarini, kwa kuwa ofisini hakuna aliyetaka kujua.

Kazi kubwa katika jalada ni mwongozo wa kutumia na kutunza injini ya boti, niliowaandikia wavuvi wa upande wa Mtongwe. Injini walizonazo zilikuja na vitabu vya Kiingereza, na wengi wao hawavisomi. Nilivuka kwa feri ya Likoni kwenda na kurudi miezi mitatu. Nilikaa nao ufuoni wakitengeneza nyavu, nikaandika kwa penseli kila walichofanya na kila walichokiita. Kurasa nyingine zina madoa ya petroli. Rasimu ya kwanza nilipowapa watatu waifuate mbele yangu, mzee mmoja alikwama hatua ya nne. Nilikuwa nimeandika "fungua kifuniko" mahali pawili: kifuniko cha tangi la petroli na kile kikubwa kinachofunika injini. Yeye akafungua cha injini. Kosa lilikuwa langu, si lake. Usiku ule nilirudi nikaandika upya kurasa kumi na moja: kifuniko kikawa cha tangi peke yake, na kile kingine nikakiita kofia ya injini, kwa sababu mzee mwenyewe alikiita hivyo.

Tangu hapo hakuna mahali nilipobadilisha maneno hayo ili sentensi ipendeze. Kitu kimoja, jina moja, toka mwanzo hadi mwisho. "Legeza skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi kabla ya kuwasha injini." Ukisahau, hewa haiingii, petroli haivutwi, na injini inakuzimikia ukiwa mbali na nchi kavu. "Tazama maji yanayoruka nyuma ya injini. Yakikatika, zima injini." Maji yale ndiyo yanayoipoza. Onyo linatangulia hatua, maana mtu anasoma huku mkono wake uko kazini. Sentensi fupi. Kitenzi cha kuamuru mbele. Hayo ndiyo tuliyofundishwa na walimu hawa hawa, na nilipoyakosea mwaka wa kwanza nilikatwa alama.

Halafu nyie tazameni programu hizi zinavyofanya kazi. Nyingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na jinsi sentensi zinavyofanana urefu na umbo. Maandishi yakiwa yametulia, yamenyooka, maneno yanajirudia, hesabu inaegemea kusema ni ya mashine. Mwongozo wa kiufundi lazima utabirike! Mvuvi akikuta neno geni hatua ya saba ataumia. Kila nilipoitii kazi yangu vizuri zaidi, ndipo nilipozidi kuhukumiwa. Insha ya kutambulisha jalada, niliyoiandika usiku mmoja kwa haraka na ambayo siipendi, imepita safi.

Na kuna hili ambalo hakuna aliyenijibu mpaka leo. Mwongozo uko kwa lugha mbili. Niliuandika kwa Kiswahili kwanza, kisha nikautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza kwa sababu chuo kinataka Kiingereza. Programu yao haipimi Kiswahili, kwa hivyo kurasa za Kiswahili hazikuguswa. Kurasa za Kiingereza, hatua kwa hatua sawasawa na zile, ndizo zilizopakwa rangi ya kosa. Basi mashine iliandika tafsiri ya kitu nilichokitunga mimi kwa mkono, kikiwa kimelala ukurasa wa pembeni yake?

Si mimi wa kwanza kupatwa na haya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu programu saba za aina hii kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo za watu ziliitwa za mashine. Hao ndio sisi. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT yenyewe, walitoa chombo chao cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023, na Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima chombo cha namna hii Agosti 2023 kikatoa na hesabu: kwa mwaka mmoja walikuwa wamepitisha kazi 75,000, na hata makosa yakiwa asilimia 1 tu, kazi 750 zingesingiziwa. Haya yote nimeyachapisha saiba nikayapeleka ofisini. Yakawekwa juu ya kabati.

Kipande kilichonitoa machozi ni cha ripoti ya kitaaluma. Niliandika kuhusu mabango ya tahadhari kwa wanaovuka kwa feri, na aya ya kwanza ni Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka wakafa watu 272. Habari hiyo nimekua nikiisikia nyumbani kwetu, jikoni, kwa sauti ya chini. Nimeiandika kwa sentensi nne kavu, bila kupamba, kwa kuwa ripoti ndivyo inavyotaka na kwa kuwa sikuona haki ya kuipamba. Aya ile nzima imepakwa rangi, mwanzo hadi nukta ya mwisho.

Wapo wanaotumia akili unde kuandika kila kitu, najua, na wanaotudhulumu sisi tunaokesha. Washikwe. Lakini mtu hushikwa kwa kuulizwa. Niwekeni chumba kimoja na jopo, nipeni injini, niulizeni kwa nini hatua ya nne inatangulia ya tano. Nipeni karatasi tupu niandike onyo mbele ya macho yenu. Fungueni faili mwone rasimu zilizohifadhiwa tangu Februari. Mnachukua dakika ngapi? Mimi nimewapa miaka mitatu na karo ambayo mama yangu ameilipa kwa kuuza mahamri alfajiri.

Orodha inafungwa mwisho wa wiki ijayo. Ijumaa narudi na daftari, na mzee yule wa hatua ya nne amesema atavuka feri tuandamane, akaseme mwenyewe nani aliandika. Kama kuna aliyewahi kukata rufaa kwa jambo hili akasikizwa, naomba aniambie alianzia ofisi gani, na barua yake ilisemaje.