Hilux otomatiki inateleza kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, na rivasi inachelewa kushika

PikapuKuukuu:

Wakuu, habari. Gari ni Toyota Hilux ya 1994, petroli, V6 lita 3.0, giaboksi otomatiki A340 ya gia nne. Ikiwa baridi inatembea vizuri. Ikishapata moto, ikiwa na mzigo au inapanda mlima, inapobadili kutoka ya pili kwenda ya tatu mshale wa RPM unaruka kutoka 2500 hadi karibu 3500, ndipo gia inashika. Ukikanyaga mafuta taratibu haileti shida. Rivasi inachelewa, na kwenye mwinuko injini inalia tu, gari halisogei. Gia ya kwanza na ya pili ziko sawa. Taa ya O/D OFF (ikipepesa huashiria hitilafu ya umeme wa giaboksi) haipepesi. Oili ipo lakini imekuwa ya kahawia. Ushauri niliopewa ni kushusha giaboksi moja kwa moja. Hakuna cha kupima kabla ya hapo?

Oili_Kwanza:

Kipo, na ni kingi. Kwanza, hilo la "oili ipo" limepimwaje? ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, haipimwi kama oili ya injini. Gari liwe mahali tambarare na limeshatembea hadi oili ifike nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na breki umeikanyaga, pitisha lever kutoka P hadi L, ukituliza kidogo kila sehemu, kisha rudisha P. Sasa chomoa dipstiki, ifute, irudishe hadi mwisho, uichomoe tena. Usomaji uwe ndani ya alama za HOT. Ukipima injini imezimwa utaona oili nyingi kuliko iliyopo kazini, kwa sababu iliyokuwa kwenye konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na mifereji hushuka kwenye sampo, bakuli la chini.

Ikipungua, pampu hunyonya hewa, presha inashuka na klachi zote zinateleza. Ikizidi, nayo ni balaa: gia zinazozunguka huichapa hadi itoe povu, na povu halibani klachi.

Halafu dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Kahawia bila harufu ni uzee. Kahawia au nyeusi yenye harufu ya kuungua na vumbi jeusi maana yake disiki za klachi zimekwisha kuungua mahali fulani. Ikiwa ya waridi iliyofifia kama imechanganywa na maziwa, maji ya rejeta yameingia. Hapo usiwashe tena hadi rejeta itengenezwe, maana maji hubandua gundi inayoshika bitana (tabaka la msuguano) za disiki.

Oili ya giaboksi hiyo ni Dexron II au III. Usiweke Type T-IV kwa kuwa chupa imeandikwa Toyota.

Spana14:

Kabla ya yote hakikisheni ni kuteleza kweli. Kwenye gia ya nne, mwendo wa kawaida, RPM ikipanda 200 au 300 na kurudi, mara nyingi ni lock-up ya konveta (klachi ya ndani yake inayoiunganisha moja kwa moja na injini) inaachia na kushika. Ukigusa breki kidogo huku umekanyaga mafuta, itaachia kwa namna hiyohiyo. Ya mleta mada si hiyo, mruko wa 1000 katikati ya gia mbili ni klachi inayoteleza.

Ila mkuu, umeangalia waya wa kikidauni? Ule unaotoka kwenye throto bodi kushuka giaboksini. Kwenye A340 ya miaka hiyo kompyuta huchagua gia kwa solenoidi (vali za umeme), lakini presha ya oili inafuata waya. Ukilegea, giaboksi inadhani umekanyaga kidogo, inatoa presha ndogo wakati injini inasukuma kwa nguvu. Dalili ndiyo hiyo: bila mzigo safi, ukikanyaga inateleza.

Mtu mmoja akanyage pedali hadi chini kabisa, injini imezimwa. Wewe tazama kidoto cha chuma kilichobanwa kwenye waya na mwisho wa mpira wa ala yake. Nafasi kati yao iwe milimita 0 hadi 1. Ikizidi, rekebisha kwa nati mbili za ala. Usiukaze kupita hapo ili "gia zishike vizuri". Presha itazidi, gia zitapiga kwa kishindo.

Mzee_wa_Presha:

Ushauri huo wa oili na waya ufuatwe kwanza. Lakini dalili zenyewe zimeshasema jambo, zisikilizwe.

Kila gia ya A340 ni mchanganyiko wa klachi na breki za ndani. Klachi ya mbele, C1, inafanya kazi gia zote nne za kwenda mbele. C2 inashika ya tatu, ya nne na rivasi. Breki B3 inashika rivasi, na gia ya kwanza pale tu lever inapokuwa L. B0 ni ya nne peke yake. C0 ipo ya kwanza, ya pili, ya tatu na rivasi.

Kwako ya kwanza na ya pili ni nzima, basi C1 na C0 ziondoe kwenye washukiwa. Pampu nayo haielekei kuwa mbovu, ingesumbua kila mahali. Kinachounganisha gia ya tatu na rivasi ni C2. Ya nne nayo inaitumia, lakini kwa kawaida unaifikia gari limeshachanganya na mzigo ni mdogo, kwa hiyo inaweza kujificha.

Rivasi ina B3 pia, hivyo itenganishe hivi: weka L, nenda kama kilomita 25 kwa saa, achia mafuta. Gari likishikwa na injini, B3 inafanya kazi. Likiserereka kana kwamba liko N, B3 ina lake.

Pima na muda wa kushika. Oili ikiwa ya moto na injini silensa, toa N kwenda D na uhesabu hadi usikie mshtuko: usizidi sekunde 1.2. N kwenda R usizidi 1.5. Kila kipimo rudia mara tatu, uache dakika moja katikati, uchukue wastani.

Kisha geji ya presha, inayosoma angalau psi 300, kwenye plagi ya kupimia ubavuni mwa giaboksi. Linganisha na kitabu cha gari. R huwa juu ya D. Zikiwa chini zote mbili, rudi kwenye waya, chujio, vali ya presha na pampu. R ikiwa chini peke yake, oili inavuja kwenye njia ya rivasi: sili za C2 au B3. Presha ikiwa sawa kote na bado inateleza, disiki zimeisha.

Kipimo cha kukanyaga mafuta yote huku breki zimeshika kinasaidia, ila kwenye gari ambalo C2 inaungua nakiona cha hasara, hasa kwenye R. Ukilazimika, weka kabari magurudumu yote, vuta breki ya mkono, usizidi sekunde 5.

PikapuKuukuu:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Majibu: kiwango cha oili kipo sawa ikiwa ya moto, harufu ya kuungua ipo. Waya ulikuwa na nafasi ya milimita 6, sasa ni 1. Mruko wa kwenda gia ya tatu umepungua lakini haujaisha. D inashika ndani ya sekunde 1, R inachukua kama 2.5. Kwenye L injini inashika gari vizuri. Geji bado. Nimwage oili kwanza? Wengine wanasema oili mpya itaua gia.

Oili_Kwanza:

Oili mpya haiui klachi nzima. Inayokufa baada ya kubadili oili ilikuwa imeshakufa, na ndiyo maana mwenyewe alikimbilia kubadili. Ninachokataa ni kusukuma oili kwa mashine, kwa sababu uchafu uliotulia unaweza kupelekwa kwenye vali. Na dawa za kulainisha sili ni za kusogeza siku tu.

Fungua sampo kwa sababu nyingine: kusoma sumaku. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyonasa ni beringi, gia au sahani za chuma. Vya njano visivyonasa ni bushi. Nyuzinyuzi nyeusi nyingi ni bitana za disiki. Wakati wa kufunga, bolti za sampo ni kama Nm 7 tu, watu wengi wanazikata. Pima oili iliyotoka, rudisha kiasi hicho, kisha pima kwa dipstiki ikiwa ya moto.

Mzee_wa_Presha:

Marahaba. Kwa majibu hayo B3 imejitetea, C2 imebaki peke yake.

Sampo ikishafunguka, kabla hujashusha giaboksi, toa vali bodi (kipande chenye vali zinazoongoza oili). Juu yake, kwenye kesi, kuna pistoni za akyumuleta, zinazolainisha ushikaji wa klachi. Ya C2 ikiwa na sili ngumu au iliyokatika, oili inapotea pale na mruko wa kwenda ya tatu unatokea hata kama disiki ni nzima. Angalia usipoteze springi na kile kipande chenye gololi.

Hapohapo jaribu hewa: puliza kwenye tundu la C2 kwa kilo 4 hadi 8 kwa sentimita ya mraba. C2 nzima itatoa kishindo kizito kimoja na hewa itabaki ndani. Ukisikia hewa ikipita fyuu bila kishindo, sili za pistoni zimekauka, nazo ndizo zinazovuja zaidi oili ikiwa ya moto na nyepesi.

Hapo ndipo giaboksi inashuka. Ikishuka, usibadili disiki za C2 peke yake. Weka seti nzima ya sili, na konveta ibadilishwe au ifunguliwe isafishwe, maana vumbi la disiki limejaa humo. Kipozea oili cha ndani ya rejeta kisafishwe hadi oili inayotoka iwe safi, na mirija yake ipulizwe kinyume na mtiririko wake.