Diwani nimemkuta mazikoni, Meya sijamuona hata kwenye karatasi ya kura

Asalaam aleykum. Naandika kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitasema "ndio kwetu" nirudi jikoni kama miaka yote.

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Unguja mjini, pana mtaro. Si ile mikubwa iliyochimbwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, huu ni wa zamani, mwembamba, unapokea maji ya mitaa ya juu na kila karo lililojaa. Pembeni yake pana jaa. Jaa limefurika, taka zimeshukia mtaroni, mtaro umeziba. Masika ilipoingia maji yakatafuta pa kupita, yakapaona chumbani kwa mama yangu. Mama siku hizi hasimami bila kushikwa. Tumemnyanyua na godoro lake, mimi, mwanangu na kijana wa jirani, saa tisa za usiku, maji yameshafika kwenye matendegu ya kitanda. Harufu yake sikusimulieni, wengine mnasoma huku mnakula.

Asubuhi nikenda kwa Sheha, msimamizi wa serikali wa shehia yetu, yaani mtaa. Akanambia, "Mwanangu, mitaro na taka ni kazi ya baraza." Nikenda baraza. (Kuna manispaa tatu katika mji huu, Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na juu yake pana Jiji. Yangu ipi sisemi, wanaonijua wanajua.) Kijana aliyekaa chini ya feni akaniuliza diwani wetu ana habari? Kama hana, apelekewe, aje aseme kikaoni. Diwani nikampigia wiki mbili, simu inaita mpaka inakata yenyewe. Mwisho nikamkuta mazikoni, kavaa kanzu safi, nikamsubiri watu watawanyike. Akanambia kwa huruma kabisa: "Dada yangu, mimi kikaoni nimesema mpaka basi. Fungu analo mkurugenzi."

Hapo ndipo iliponipanda.

Mkurugenzi sikumchagua mimi, kateuliwa. Sheha, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Nambari 8 ya 2014, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, na wakuu hao wawili nao ni wateule. Meya anachaguliwa na madiwani wao kwa wao, ukumbini, mimi nasikia redioni kama salamu za mnada. Katika safu yote hiyo niliyemtilia alama ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyesimama makaburini ananambia hana fungu!

Na huyo diwani mwenyewe tunamchaguaje? Oktoba 2025 tumepanga foleni, tumepewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani. Kwenye mikutano ya kampeni wa mtaro na jaa huitwa mwisho kabisa, jua linazama, apunge mkono, aseme "naomba kura za mafiga yote" ashuke. Hakuna aliyemuuliza taka zitazolewa mara ngapi kwa wiki. Hata mimi sikumuuliza, na hilo najilaumu. Nilimpa kwa sababu ya rangi ya chama chake, sikwambieni rangi gani.

Wenzetu wa Bara tarehe 27 Novemba 2024 walipiga kura za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Najua mtakuja mbio hapa chini: wagombea wangapi wa upinzani walienguliwa, uchaguzi gani huo. Kweli, yalitokea hayo. Lakini angalau kuna cheo cha mtaa ambacho kipo kwenye karatasi, kuna mtu wa kumkasirikia kwa haki. Kwetu anayenijua mimi na wanangu, anayeandika barua nikitaka Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, anayekuwepo wapiga kura wakiandikishwa, huyo analetwa. Akinikera nimpeleke wapi? Kwa aliyemleta?

Na kura hizo hizo chache tulizonazo tushaona zinavyochukuliwa. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wa Zanzibar wote. Kila mtu alilia urais. Mimi nawauliza, madiwani walikosa nini? Walifutwa wamo, na kura za Muungano za siku ile ile zikabaki halali. Tarehe 20 Machi 2016 tukaambiwa turudi, CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, wakasusia, na wadi nyingi zikapata madiwani ambao watu wengi wa mtaa hawakwenda kuwapigia wala kuwakataa. Kwa karibu miaka mitano mtu akilalamikia taka alijibiwa "si mlisusia". Taka hazikususia.

Mwenye genge kama mimi nalipa ushuru kila siku. Mvua, jua, siku ya msiba wa jirani, mkusanyaji yupo na kitabu chake. Kwenye kukusanya baraza linajua kila mlango wa mtaa huu. Gari ya taka ndiyo inayopotea njia.

Kuna ndugu kaja jana kuninasihi nisiandike, ati ni siasa, ati nina watoto wanaotafuta kazi. Nimemsikiliza kwa adabu, ni mkubwa wangu. Lakini na yeye godoro lake lilikuwa limeanikwa ukutani siku ile ile.

Nachotaka si kikubwa. Meya awe kwenye karatasi, asimame jukwaani peke yake atuambie mitaro. Sheha tumpigie kura sisi wa shehia. Na kila kikao cha madiwani kikimalizika, yaliyosemwa yabandikwe pale ofisini kwa Sheha, kwa Kiswahili cha kawaida, nione huyu wangu kweli alisema mpaka basi au alikunywa chai akaondoka. Hilo la mwisho halihitaji hata kusubiri 2030, linahitaji karatasi na gundi.

Sasa nyinyi. Wa Jang'ombe, wa Mpendae, wa Fuoni, na ndugu zangu wa Wete na Chake kule Pemba: diwani wako unamjua jina bila kuuliza mtu? Meya au mwenyekiti wa baraza lako je? Andikeni kweli, msikimbilie Google kwanza.

Mimi kesho saa mbili mwenye kitabu cha ushuru anakuja gengeni. Nitamuuliza yeye habari za mtaro, kwa sababu katika baraza zima ndiye peke yake ninayemjua sura.