Nora aliondoka au aliwatoroka wanawe?

Mtoa mada: Nimeirudia A Doll's House, tamthilia ya mwaka 1879 ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norway, kuhusu Nora na mumewe Torvald; mwishoni Nora anamwacha mume na watoto, anatoka na kubamiza mlango. Nyumba ina joto, mti wa Krismasi, watoto watatu na mume aliyepewa umeneja wa benki. Hata hivyo mke anakula biskuti za lozi kwa kujificha, kwa kuwa mume amezipiga marufuku asiharibu meno. Je, kile kilikuwa kiota au tundu?

Baba Watatu: Ndege akichoka tundu simlaumu. Ninachopinga ni kuwaachia watoto yaya, mtu wa mshahara. Hata Wajerumani waliukataa mwisho ule, wakaubadilisha.

Kungwi Mstaafu: "Mtu wa mshahara"? Mama yangu aliogesha watoto wa watu miaka kumi na mitano, huku mimi nikilelewa na bibi kwa fedha alizotuma. Isitoshe, yaya yule, Anne-Marie, ndiye aliyemlea Nora asiye na mama, na ili aipate kazi hiyo ilimbidi amtoe mwanawe alelewe na wengine. Kwa hiyo mama wa kwanza kuacha mtoto katika habari ile si Nora. Ila yaya hakuwa na mlango wa kubamiza.

Baba Watatu: Sikumtukana mama yako, dada, na usinilishe maneno. Tena umenisaidia: aliyelelewa hivyo ndiye aliyejua kucheza na wanawe tu, akijificha chini ya meza kama mwenzao.

Msomaji wa Usiku: Wajerumani hawakubadilisha chochote, ndugu. Mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mama anayeacha watoto, naye Ibsen, akihofia wengine wasije wakaiharibu kazi yake, akaandika mwenyewe mwisho ambamo Nora anaishiwa nguvu mbele ya chumba cha watoto. Hakuupenda kamwe. Na mbona hamuutaji mkopo? Mke hakuruhusiwa kukopa bila ridhaa ya mume, ndipo Nora akaghushi saini ya babake ili apate fedha za kumpeleka Torvald Italia akapone.

Kungwi Mstaafu: Mkopo utasubiri. Baba Watatu akisafiri na mkewe, wanawe hubaki na nani?

Baba Watatu: Na bibi yao.

Kungwi Mstaafu: Kwa mshahara, au bure?