Acheni kuwadanganya watu kwamba jiko la Ulaya na la Marekani ni kitu kimoja

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa muda mrefu ndugu zetu walioko ughaibuni wamekuwa wakiwaambia wanaohama kutoka Ulaya kwenda Marekani kwamba wabebe vyombo vyao vyote vya jikoni, kwa kuwa majuu ni majuu, na kwamba kinachohitajika ni adapta ya plagi tu. Wauzaji wa adapta nao wanaitikia. Familia yangu ilihama kutoka Frankfurt kwenda Ohio kwa kufuata ushauri huo, na sehemu kubwa ya vyombo tulivyovilipia usafiri wa meli sasa imerundikwa gerejini.

Uongo mkubwa uko kwenye umeme. Soketi ya kawaida Ulaya ina volti 230, ya Marekani ina volti 120. Adapta hubadilisha umbo la plagi, lakini volti haizigusi hata kidogo. Volti zikishuka hadi karibu nusu, nguvu ya kifaa cha kuchemsha hushuka hadi karibu robo, kwa hiyo birika lililoandikwa wati 2,200 kule Ujerumani hubaki na wati 600 hivi likichomekwa hapa, na lita moja ya maji itahitaji zaidi ya dakika tisa kuchemka hata kama hakuna joto linalopotea njiani. Blenda yetu ndiyo ilinitia aibu zaidi: ilinguruma, ikatetemeka juu ya meza, na vipande vya nazi vikabaki vinaelea ndani ya jagi kama vilivyoingia. Nilipompigia muuzaji wa adapta, ambaye boksi lake limeandikwa waziwazi kwamba inafaa kwa vifaa vyote vya jikoni, alinijibu kwamba huenda nazi yangu ilikuwa kavu mno.

Hata birika lililonunuliwa hapahapa Marekani halizidi wati 1,500 hivi, kwa sababu saketi ya kawaida ya ampea 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800 tu, ilhali Mwingereza anatumia birika la wati 3,000 bila wasiwasi wowote. Ajabu ni kwamba nyumba hiyohiyo ya Kimarekani inaingiziwa volti 240 kutoka nje. Zinapelekwa kwenye jiko la umeme na mashine ya kukaushia nguo, kisha soketi za mezani zinapewa nusu yake. Na wale wanaotuma blenda za Marekani nyumbani kama zawadi wajue kwamba hali huwa mbaya zaidi upande huo, kwa maana soketi za Dar es Salaam au Mombasa zina volti 230 hadi 240, na mota iliyotengenezwa kwa volti 120 huungua.

Trei za oveni nazo zimekuwa mzigo. Oveni ya Ulaya hutengenezwa kuingia kwenye nafasi ya sentimita 60, na trei yake hutelezeshwa kwenye reli za pembeni. Jiko la kawaida la Marekani lina upana wa inchi 30, yaani sentimita 76, kwa hiyo trei ya Kijerumani haifiki reli za pande mbili, inatumbukia. Oveni inasoma Farenhaiti, ambapo 350 ni sawa na nyuzi 177 za Selsiasi. Hilo mtu hulizoea. Ambalo sitalizoea ni unga kupimwa kwa kikombe, kwani kikombe kimoja kinaweza kubeba gramu 120 au 150 kutegemea umeuchota vipi, halafu mwandishi wa mapishi anashangaa kwa nini mkate wako umekuwa mgumu. Mizani ya jikoni haina gharama kubwa kiasi hicho.

Asitokee mtu kunijibu kwamba basi Ulaya ndiyo bora. Ujerumani tulipewa fleti ambayo chumba cha jiko kilikuwa na mabomba mawili yaliyozibwa na waya mnene wa umeme unaochungulia ukutani, basi. Hakukuwa na sinki, kabati wala jiko. Mpangaji aliyetangulia alikuwa ameng'oa kila kitu akaenda nacho, jambo ambalo kule ni la kawaida kabisa, na sisi tukanunua upya na kumlipa fundi umeme kuunganisha jiko. Hapa Ohio tulikuta friji na jiko vimeshawekwa, na hilo nawashukuru Wamarekani.

Tofauti hizi hazikuanza juzi. Huko Frankfurt, mwaka 1926, msanifu wa Austria Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la mita 1.9 kwa 3.4 kwa ajili ya nyumba mpya za jiji, chini ya Ernst May, msanifu aliyesimamia mipango ya ujenzi wa jiji hilo (ndiye huyo aliyehamia Tanganyika mwaka 1934 na baadaye akafanya kazi ya usanifu Kenya na Uganda). Mama huyo alichota mawazo kwa Mmarekani, Christine Frederick, aliyekuwa akihesabu hatua anazopiga mpishi. Ulaya ikabaki na jiko dogo lenye mlango wake. Wamarekani wakaja kubomoa ukuta, wakaunganisha jiko na sebule.

Ukuta huo ndio chanzo cha ugomvi wangu na mwenye nyumba. Juu ya jiko pamefungwa mikrowevu yenye feni chini yake, nami nilidhani inatoa moshi nje. Nikikaanga samaki, ninaweka mkono mbele ya matundu yaliyo juu ya mlango wake na kuhisi hewa ileile ya moto, yenye harufu ileile, ikirudi chumbani baada ya kupita kwenye kichujio. King'ora cha moshi kinalia kila mara, na badala ya kuweka bomba la kutolea hewa nje, ofisi ya mwenye nyumba imeniandikia barua ya onyo kuhusu "aina ya mapishi" yangu. Anayepangisha jiko lisilo na njia ya moshi asimfundishe mpangaji chakula cha kupika.

Kuhusu adapta, muuzaji amekataa kunirudishia fedha kwa madai kwamba boksi limeshafunguliwa. Nimeyapiga picha maandishi yake ya "vifaa vyote vya jikoni", na nimeanza kujaza fomu ya malalamiko ya wateja kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwingine yeyote humu aliyeuziwa kwa maneno hayohayo aniambie, tuyapeleke pamoja.