MJADALA: Chembe nano za mwarobaini ziuzwe kama "dawa asilia"?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili mapema. Mwaka 2004, timu ya mkemia Murali Sastry wa Maabara ya Taifa ya Kemia, Pune, India, ilionyesha kwamba maji ya majani ya mwarobaini yanageuza chumvi za madini ya fedha na dhahabu kuwa chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Njia ya zamani hutumia kemikali kali kama sodiamu borohidridi. Jani linafanya kazi ileile bila sumu hiyo.

Nimeifanya mwenyewe maabara. Unachemsha majani, unachuja, unamimina kwenye maji yenye nitrati ya fedha, chumvi ya madini hayo, yasiyo na rangi. Baada ya muda chupa inapiga unjano, halafu inakolea mpaka inafanana na chai ya rangi. Rangi hiyo ndiyo chembe zenyewe, za nanomita 1 hadi 100. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Siku ile nilishindwa kuondoka mezani.

Ninachokikataa ni neno "asilia". Jani limesaidia kutengeneza, ila kilichomo chupani ni madini ya fedha. Yanaua bakteria kwa kutoa ayoni, yaani atomu za fedha zenye chaji ya umeme, na ayoni haichagui kati ya bakteria wa kidonda na yule anayerutubisha udongo wa shamba. Mwaka 2008, Benn na Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitikisa ndani ya maji soksi zilizotiwa fedha ya nano. Baadhi ya soksi ziliiachia fedha hiyo majini. Maji ya kufulia kwetu yanaishia wapi? Mtaroni, kisha bustani ya mchicha.

Nataka kila bidhaa ya aina hii ipimwe kabla ya kuuzwa, na kopo liandikwe kiasi cha madini ya fedha yaliyomo na ukubwa wa chembe. Mnasemaje?

Mkulima wa nyanya: Mkuu, mwarobaini bibi zetu walitunywesha tangu utotoni. Viuatilifu tunavyopuliza sasa vinatuwasha ngozi mpaka usiku hatulali, leo ukija mbadala wa mwarobaini wa kupulizia unaletewa masharti? Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji la nano. Vijana wa namna hiyo mtawakatisha tamaa kwa vibali, na mwisho tutanunua kwa wageni.

Muuguzi: Dawa yenye madini ya fedha ya majeraha ya moto tunayo wodini miaka mingi. Najua nguvu yake ni asilimia 1 kwa sababu imeandikwa kwenye tyubu. Mgonjwa akija na chupa ya "nano mwarobaini" isiyo na namba, nimwambie apake kiasi gani? Na kama ni mtoto?

Mleta mada: Mkulima, pole kwa hiyo ngozi. Lakini bibi alichemsha majani tu, nitrati ya fedha hakuitia. Kwenye gharama umenigusa kweli: kupima ukubwa wa chembe kunataka mashine ghali kama hadubini ya elektroni, na kijana wa kawaida hana pa kuipata. Basi vipimo vya wabunifu wadogo vilipiwe na serikali, masharti yabaki. Kwa hali hiyo utaniunga mkono, au bado?